Skana ya Kusikilizia Salamu

Vijana wa karakana, tangu niage kazi mmeniuliza mara tatu jinsi ya kuitengeneza skana ifuate mazungumzo ya redio za tranki bila kupotea njia. Wa kwanza aliniuliza kwa simu, wa pili kwa ujumbe, na wa tatu alinikuta sokoni Ibra nimeshika mfuko wa vitunguu, akataka nimweleze pale pale mbele ya muuza samaki. Basi naandika mara moja nipumzike. Lakini anayeitaka skana itabidi avumilie na mengine, kwa sababu mimi kazi hii sikujifunza kitabuni. Nilijifunza kwa kuaibika.

Vyeo na mishahara siandiki. Nilipandishwa cheo mara mbili, na mara ya pili nilichoongezewa ni ufunguo wa stoo. Nitaandika siku za mwanzo, walionifundisha, na kisa kimoja ambacho wengi wenu mmekisikia kwa madereva, na madereva hawana breki za maneno.

Kwa asiyetujua, kampuni yetu ilikuwa ikipeleka maji kwa magari ya tangi katika vijiji vya Oman ambavyo mabomba hayajafika, kuanzia Sur pwani mpaka Adam kwenye ukingo wa jangwa. Magari yalikuwa arubaini na kitu. Makao yalikuwa Ibra, na karakana ya redio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya makao, chenye dirisha moja na kiyoyozi kilichotoa kelele zaidi ya baridi. Huko ndiko nilikoripoti siku ya kwanza, nimevaa dishdasha nyeupe, kanzu ya huku, aliyonipigia pasi mama yangu, utadhani nakwenda kuposa.

Fundi mkuu alikuwa Ammi Nassor. Alizaliwa Unguja mjini, akajifunza redio huko huko, na alipokuja Oman alikuja na kisanduku cha bisibisi na Kiswahili ambacho hakukubali kukilegeza kwa ajili ya mtu. Mimi nililetwa Oman nikiwa na miaka sita. Kiswahili changu ni cha jikoni kwa mama, na kila nilipokivuruga Ammi Nassor aliacha kazi akanisahihisha kwanza, hata kama ameshika waya wa moto.

Siku ile dereva mmoja alileta redio ya gari, akasema haisemi. Nikachukua bisibisi. Ammi Nassor akanipokonya.

"Nusa kwanza," akaniambia.

Nilidhani ananifanyia mzaha wa mgeni. Nikanusa.

"Harufu gani?"

"Halwa, Ammi."

"Si halwa. Halwa ina zafarani. Hiyo ni asali ya tende. Huyu bwana alikuwa akila huku anaendesha, ikamchuruzikia kwenye maikrofoni. Muulize kama nasema uwongo."

Dereva akatazama dari. Tukaifungua, tukakuta asali imeganda mpaka kwenye swichi, tukaiosha kwa spiriti. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini na nawahakikishia kwamba redio za magari hufa kwa mambo matatu: tende, vumbi, na dereva mwenyewe.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo lililokuja kuniponza. Mafundi wengine hupima redio kwa kuhesabu hewani moja, mbili, tatu. Ammi Nassor alikataza.

"Ukimhesabia mtu atakujibu neno moja, tamam, yaani sawa. Na tamam haina habari ndani yake. Wewe msalimie, umwache akujibu kwa kirefu. Muulize na watoto. Mtu akijibu salamu hutoa herufi zote alizonazo, nawe sikiliza ipi imekatika."

Na kweli. Alhamdulillahi iliyokatika mwanzoni ilikuwa swichi ya maikrofoni. Iliyofifia mwishoni ilikuwa betri. Iliyokuja kama mtu anazungumza ndani ya birika ilikuwa antena imelegea. Mwezi wa kwanza nilimcheka moyoni, wa pili nikawa nafanya vile vile. Kila siku, saa moja hadi saa moja na nusu asubuhi, kabla magari hayajasambaa, nilishika redio nikasalimia dereva mmoja mmoja, nikaandika nani wa kuletwa karakana. Ammi Nassor alipostaafu aliniachia kisanduku cha bisibisi na zamu ya salamu.

Enzi hizo redio zilikuwa na chaneli moja tu, wote tukisikia yote. Mwenye chaneli alikuwa Bi Rayya, mama wa Kipemba aliyekaa chumba cha redio hapo Ibra na birika lake la chai na mto wa kukalia alioushona mwenyewe. Alinizidi kama miaka kumi na mitano. Aliwajua madereva wote kwa sauti, na akikohoa mtu kule Manah yeye alijua ni nani na tangu lini. Alikuwa na Kiarabu cha ofisini, Kiarabu cha Mabedui na Kiswahili cha Wete, na aliweza kukugombeza kwa vyote vitatu bila kuvuta pumzi. Madereva walimwogopa, nao walimletea ndizi kutoka Wadi Bani Khalid.

Kisha wakubwa wakanunua mfumo wa tranki. Nawaeleza kama nilivyowaeleza madereva wakati ule. Fikirini majlisi yenye wageni arubaini na finjani nne za kahawa. Hapana mgeni mwenye finjani yake. Anayetaka anapewa, akimaliza anaitikisa, inachukuliwa inapewa mwingine. Finjani nne ni chaneli nne za kuzungumzia. Anayemimina ni chaneli ya tano, ya uongozi, isiyobeba sauti ya mtu. Kazi yake ni kuziambia redio: wewe na wewe nendeni chaneli ya pili, ninyi nendeni ya nne. Zikiwa zote zimeshikwa, ukibonyeza kitufe redio inalia tut tut tut, maana yake ngoja.

Madereva wakagawanywa makundi: la Sur, la Ibra, la Nizwa, la Adam na mengineyo, na kundi moja halisikii jingine. Pia mtu aliweza kumwita mwenzake peke yake, wawili tu, kwa namba. Kila redio ilikuwa na namba yake. Tukasifiwa kwamba tumeendelea.

Mwezi wa kwanza wazee wakanijia na malalamiko. Mtu akiachia kitufe, mfumo humshikia chaneli sekunde chache ili mwenzake ajibu, na kiwandani waliziweka mbili. Mzee wa Kibedui hawezi kuitika salamu ndani ya sekunde mbili. Kwanza anaweka chini kikombe. Wakawa wanakatwa kabla ya kuitika, na kutoitika salamu kwao ni jambo zito. Nikawaonea huruma, nikafungua programu, nikaweka sekunde nane. Mtauliza pia kitufe cha dharura, cha kumpa mtu chaneli hata zikiwa zimeshikwa zote. Kilikuwapo. Madereva walitundikia tasbihi juu yake, kikawa kinapiga kelele kila gari likipita kwenye shimo, basi nacho nikakizima. Yote mawili niliyafanya kwa nia njema na sikuyaandika popote.

Haukupita mwaka, asubuhi zikaharibika. Ikifika saa moja, tut tut tut. Ikifika saa moja na nusu, mfumo mweupe, unazungumza upendavyo. Tulizoea, kama watu wanavyozoea mlango unaokwama.

Hatukuweza kuendelea kuzoea baada ya Hamdan. Hamdan alikuwa dereva wa njia ya Wadi Bani Khalid, kijana mpole asiyezungumza sana. Asubuhi moja aliyotoka mapema kuliko wenzake mvua ilinyesha milimani, saa moja ikamkuta anavuka wadi, lile bonde la mto mkavu, na gari likateleza likakaa kiubavu kwenye mawe. Hapo simu ya mkononi haishiki. Akabonyeza redio, tut tut tut. Alibonyeza dakika ishirini na tano, maji yakipanda mpaka kwenye ngazi ya mlango. Mwishowe alitoka kwa dirisha, akavunjika mkono, wachungaji wakamvuta kwa kamba. Gari lilikutwa siku ya tatu, mbali sana na pale alipoliacha. Nilikwenda kumtazama hospitalini, akaniambia bila hasira, "Ammi Khalfan, nilifikiri mmelala wote."

Wakubwa wakamleta mtaalamu kutoka kwa waliotuuzia mfumo. Alipanda mnara, akapima nyaya, akakuta kila kitu salama. Kisha akachukua kumbukumbu za mazungumzo, na hapo ndipo mambo yalipopinda. Kumbukumbu zilihifadhiwa na mashine iliyo mezani kwa Bi Rayya peke yake, na mashine ile huandika tu yanayopita mezani. Kwa hiyo karatasi nzima ilikuwa Bi Rayya, Bi Rayya, Bi Rayya. Mtaalamu akaandika kwamba mwendeshaji wa Ibra anazishika chaneli kwa mazungumzo yasiyo ya kazi, akapendekeza chumba kifungwe na kazi ihamishiwe Muscat. Mudir wetu, yaani meneja, Said, kijana wa Nizwa mwenye adabu nyingi na haraka nyingi, akapanga kikao cha uamuzi baada ya wiki tatu.

Nilimkuta Bi Rayya anafuta vumbi meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Shikamoo, Bi Rayya."

"Marahaba. Umesikia waliyoniandikia?"

"Nimesikia."

"Kuondoka nitaondoka, Khalfan, sitaki kufia kwenye kiti hiki. Lakini niondoke kwa kusemwa kwamba mtoto wa watu alikaribia kufa maji kwa domo langu? N'tamtazama vipi mamake Hamdan?"

"Si wewe, Bi Rayya. Nitaleta ushahidi."

Nilisema kwa kujiamini sana. Nikikumbuka hivi sasa masikio yananichemka.

Haya, skana. Skana ni redio ya kusikilizia tu. Haina maikrofoni, haina kitufe cha kusemea, na inaruka kutoka chaneli hadi chaneli ikitafuta sauti. Kwanza ni ruhusa. Niliandika kwa wahusika wa leseni za redio kuomba kusikiliza mfumo wetu wenyewe. Wakajibu wakiuliza nitamsikiliza nani. Nikajibu, sisi. Wakauliza kama sisi tumekubali. Nikampelekea mudir atie sahihi kwamba tumekubali kusikilizwa na sisi. Mtacheka, lakini msiiruke hatua hii. Redio za watu wengine si zenu hata kama zinasikika.

Siku ya kwanza nilifanya kosa la kila mtu, nikaingiza mawimbi yote matano kama chaneli za kawaida. Skana ikawa inadonoa, nao madereva wetu huyataja magari yao kama watu. Sauti moja ikauliza, "Mama hajambo?" Skana ikaruka, sauti nyingine ikasema, "Gia imevunjika, tunamburuta mpaka Manah." Ikaruka tena. "Na watoto?" "Wanavuja, wanataka kubadilishwa mipira." Nilisikiliza nusu saa nikatoka na picha mbaya sana ya familia za wenzangu.

Mfumo wa tranki lazima uwekwe kama tranki. Ichagueni aina ya mfumo ile ile iliyo mnarani, kisha ingizeni mawimbi ya chaneli ya uongozi, nayo skana itafuata maelekezo kama redio nyingine yoyote na itakaa na mazungumzo mpaka yaishe. Siku ya pili nilifanya hivyo, ikafuata vizuri ajabu. Siku ya tatu ilikuwa kimya kama kaburi. Nikaifungua yote, nikaipuliza, nikaifunga, ikabaki parafujo moja ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi. Haikuwa mbovu. Chaneli ya uongozi huhama kila siku, leo ya kwanza, kesho ya tano. Ziingizeni zote zinazoweza kupewa kazi hiyo.

Na antena. Nilipanda paa na antena ndefu, nikashuka natoka jasho, skana ikawa haisikii kitu. Tulikuwa chini ya mnara wetu wenyewe, mawimbi yaliizidi nguvu, ikazibwa masikio. Nikaing'oa antena nikachomeka waya wa urefu wa kidole. Hapo ikasikia mpaka mtu akimeza mate.

Asubuhi iliyofuata sikupima redio za magari. Nilivaa vidude vya masikioni nikasikiliza tu. Nilichokisikia ni salamu. Dereva wa Sur alimwita nduguye wa Adam, wawili tu, kwa namba.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam. Kayf halak?"

"Bikheir. Kayf halak inta?"

"Alhamdulillah. Shay ulum?"

"Ma shay ulum. Ulum andkum?"

"Ma shay, alhamdulillah."

Wakazunguka hivyo, hapana ulum, yaani habari, kwangu, labda kwako, na kila mmoja akiachia kitufe mfumo ukiwashikia finjani sekunde nane. Baada ya dakika nne za kuhakikishiana kwamba hapana habari yoyote, yule wa Sur akasema gari lake limeungua injini. Chaneli nyingine ilikuwa ya Waswahili wetu wa Nizwa na Ibra, shikamoo na marahaba, homa ya mtoto imeshuka, harusi imesogezwa. Siwalaumu. Kwenye chaneli moja ya zamani, ukisema salaam aleikum mara moja watu arubaini wamesikia, umemaliza. Sasa makundi hayasikiani, na ukimsalimia huyu ukamwacha yule umemvunjia heshima, kwa hiyo ni kumwita mmoja mmoja. Tulinunua mfumo wa kuokoa muda, ukatulazimisha kusalimiana mara arubaini.

Jambo moja lilinifurahisha. Asubuhi zile nilizokaa kusikiliza tu, tut tut tut zilipungua sana. Nikaona skana ina baraka.

Lakini sikio hufuata mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja, na kikaoni ningehitaji hesabu. Basi nikaiacha skana ikae kwenye chaneli ya uongozi tu, nikavuta waya mpaka kompyuta kuukuu ya stoo, na programu ikaandika kila agizo: namba gani imepewa chaneli, saa ngapi, kwa muda gani. Sauti nikaizima kabisa, kwa sababu ilipiga mluzi kila nikisogea na redio yangu. Na kazi ni kazi. Nilirudia kupima redio za magari kama kawaida, nikisalimia mmoja mmoja, na tut tut tut zikarudi kwa wingi. Nikashukuru kwamba zimerudi wakati mwafaka, ushahidi upatikane.

Baada ya asubuhi kumi nilichapa orodha, mchana, watu wamekwenda kula. Nilipanga namba kwa muda, mwenye muda mrefu juu. Bi Rayya alikuwa wa tisa. Nilifurahi nikapiga meza. Wa kwanza alikuwa ameshika chaneli karibu mara mbili ya anayemfuata, kila siku, saa moja hadi saa moja na nusu, bila kukosa. Namba mia na kumi na saba. Nikasema moyoni, huyu ni mjinga gani, leo nitamjua. Nikafungua daftari la namba.

Mia na kumi na saba: Khalfan, karakana.

Nilikaa. Kiyoyozi kilikuwa kinapiga kelele, sikukisikia. Dakika zile Hamdan anabonyeza kitufe na maji yanapanda mlangoni, mimi nilikuwa kwenye karakana hii hii nimeshika chaneli, namuuliza mtu wa Manah habari za mbuzi wake ili nisikie kama maikrofoni yake inakata. Na sekunde nane ni zangu. Na kitufe cha dharura ni mimi niliyekizima. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na naomba nisiione.

Sitajifanya mtakatifu. Nilitazama mstari wa kwanza nikafikiri kwamba karatasi ikikatwa juu kidogo hapana atakayejua. Bi Rayya angeokoka hata hivyo, wa tisa ni wa tisa. Nikachukua mkasi, nikauweka juu ya karatasi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Rayya mwenyewe.

"Kikao kesho. Umeona nini?"

"Bado nahesabu, Bi Rayya."

Akanitazama kidogo, akaona mkasi, akaenda zake.

Kikao kilikuwa saa nne. Mudir aliingia, akamsalimia kila mtu kwa mkono, akauliza habari za kila mmoja na za wazee wake, kahawa ikapita, tende zikapita, aliyechelewa akaingia ikabidi sote tusimame tuanze upya. Mtaalamu alitazama saa yake mara sita. Nilimhesabia. Dakika kumi na nane zilipita kabla ya mtu kutaja redio, na nilipoona hivyo nikajua kwamba sina haja ya kueleza sana.

Nikampa mudir orodha nzima, mstari wa kwanza ukiwapo.

"Mia na kumi na saba ni nani?" akauliza kwa Kiarabu.

"Ni mimi, ustadh."

Nikaeleza yote, kupima kwa salamu, sekunde nane, kitufe cha dharura. Sikumtazama Bi Rayya. Nilipomaliza mudir alikuwa bado anasoma.

"Na huyu wa pili? Namba moja?"

Karani akakohoa. Namba moja ilikuwa redio ya gari la mudir, ambaye kila asubuhi akitoka Nizwa alikuwa akimsalimia ami yake wa kundi la Adam, dereva mkubwa kwa umri kuliko wote, na ami hasalimiwi kwa haraka. Mudir akaikunja karatasi mara mbili.

"Khalas," akasema. "Bi Rayya anabaki. Ile ripoti irudishwe."

Yaliyobaki yalikwisha upesi. Sekunde nane zikarudi mbili. Vitufe vya dharura vikawashwa, tasbihi zikahamia kwenye kioo. Kuitana wawili wawili kwa namba kukafungwa mpaka saa mbili asubuhi. Likawekwa kundi moja la wote kila saa moja asubuhi, Bi Rayya awasalimie magari yote kwa pamoja na kila mmoja ajibu mara moja akieleza hali ya gari na maji. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikanyang'anywa redio zote mbili, ya mkononi na ya gari, kwa miezi mitatu. Nikawa fundi wa redio asiye na redio, na madereva walilifaidi jambo hilo kuliko idi.

Nilikwenda kwa Hamdan nikamwambia kwa mdomo wangu. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama asubuhi ile maikrofoni ya yule wa Manah ilikuwa mbovu kweli. Nikamwambia ilikuwa mbovu. Akasema basi si haba.

Bi Rayya ndiye hakunisamehe. Kiti kilibaki chake, jina lilisafishwa, lakini aliuona mkasi, na alijua kwamba nilipomwambia nahesabu nilikuwa nimeshamaliza kuhesabu. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ukumbini nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Rayya." Akapita. Nilidhani hakusikia. Siku ya pili nikamwamkia kwa sauti. Akapita. Nyinyi vijana mnaojibu shikamoo kwa kidole gumba hamwezi kujua uzito wake. Mimi mamangu hakunifundisha la kufanya shikamoo isipoitikiwa. Nilibaki nimesimama ukumbini nashika ukuta. Ikawa hivyo siku zote za wiki, na Alhamisi sikuamkia, nilipita mlango wa nyuma.

Jumapili, wiki ya kazi ya huku inapoanza, ndiyo ilikuwa asubuhi ya kwanza ya utaratibu mpya. Niliingia karakana mapema, na kwa kuwa sikuwa na redio nikawasha skana na sauti yake. Saa moja kamili Bi Rayya akaingia hewani. Akawatolea salamu wote mara moja, kisha akaanza kuita namba, na kila mmoja akaitika na kusema hali yake. Mbedui mmoja alianza kuuliza ulum, akakatizwa, akanyamaza kama mtoto wa chuoni. Hamdan, aliyekuwa amerudi kazini kama msaidizi garini mkono ukiwa bado kwenye plasta, aliulizwa kama analala vizuri. Magari yote yakaisha kwa dakika tisa, na skana haikuandika tut tut tut hata moja. Nikanyoosha mkono niizime.

"Mia na kumi na saba," akasema Bi Rayya.

Mkono ukabaki hewani. Alijua sina redio ila skana, yeye mwenyewe ndiye aliyezipokea redio zangu akazifungia kabatini mwake. Madereva wote walikuwa wanasikia. Sekunde mbili zikapita, chaneli ikataka kumtoka, nikaona kwenye kioo cha skana kwamba amebonyeza tena, ameishika. Alikuwa anangoja.

Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikaiinamia ile skana, kitu kisichokuwa hata na tundu la kusemea, nikasema, "Shikamoo, Bi Rayya."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya, magari yatoke."